Masika ya Seva Isiyoguswa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo nusura niue mtu ambaye hata sura yake siijui.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mimi ni Verdiana, fundi wa kompyuta katika hospitali yetu ya misheni hapa Tarime. Niko peke yangu, hakuna fundi mwingine. Mafaili ya wagonjwa wote yamo kwenye seva moja iliyoko chumba cha nyuma ya maabara. Inaendeshwa na Linux, aina ya Debian, toleo lile wanaloliita thabiti. Saa sita mchana niliona masasisho yamerundikana. Nikasema ngoja nimalize kazi. Badala ya kuchukua viraka vya usalama tu, nikapandisha kila kitu hadi toleo jipya, palepale kwenye seva yenyewe, wagonjwa wakiwa kwenye foleni.

Saa saba na nusu mashine ya kupima damu ikaacha kuongea na seva. Kwenye chumba cha upasuaji kulikuwa na mama aliyetoka kujifungua, damu inamtoka, wanasubiri kundi lake litokee kwenye skrini. Skrini nyeupe. Nikasikia muuguzi anapiga kelele, "Majibu yako wapi jamani?" Mtu wa maabara akaandika kundi la damu kwenye kiganja chake, akakimbia nalo uwanjani, na mvua ilikuwa inapiga kweli. Alipofika wino ulikuwa umeanza kuchuruzika. Kundi lilikuwa bado linasomeka.

Mama yu hai. Nilirudisha toleo la zamani kutoka kwenye nakala, na saa kumi na mbili jioni kila kitu kikawa kama jana.

Dk. Benedicto, mganga mkuu wetu, hakufoka. Angefoka ningejua pa kuuweka uso wangu. Alisema tu, "Verdiana, kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dokta."

Jumanne, 5 Machi

Nimefunga masasisho yote. Si yale makubwa tu, hata viraka vidogo vya usalama. Seva haitaki habari yoyote kutoka nje. Nimelala mchana saa moja nzima, mara ya kwanza tangu jana.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Sijagusa kitu. Mfumo unaenda.

Alhamisi, 14 Machi

Sijagusa kitu. Mfumo unaenda.

Jumatano, 20 Machi

Kuna rashi, watu wanakimbilia dhahabu. Wanasema mlima ulioko nyuma ya mashamba ya mihogo, mwendo wa saa moja kutoka hapa, umetoa dhahabu. Wiki iliyopita kulikuwa na mbuzi na vichuguu. Leo watu wanahesabiwa kwa maelfu, maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yamechimbwa hadi chini ya makaburi ya watu. Udongo umelowa, unabomoka, na wanaovunjika wanaletwa kwetu.

Samira hainui kichwa. Yeye ndiye karani wa masijala, binti wa fundi cherehani wa Nyamisangura, mwepesi wa vidole kuliko mtu yeyote hapa. Kila anayeingia anamwandika: jina, kijiji, duara alilokuwamo, jeraha, ndugu wa kupigiwa simu. Leo amewaandika sitini na mbili. Nilimpelekea chai akaniambia, "Dada Verdi, mlima huu utatumaliza sisi kabla haujawamaliza wao."

Jumanne, 2 Aprili

Nimepita dukani kwa Lukmani, Nyamisangura. Tulisoma chuo kimoja. Sasa anatengeneza kompyuta na simu. Nikamweleza jinsi nilivyoituliza seva. Akaacha kulehemu.

"Umefunga hata viraka vya usalama?"

"Vyote. Nataka uthabiti."

"Huo si uthabiti, ni kuganda. Sikiliza. Hilo toleo lako linaitwa thabiti kwa sababu wenyewe hawabadilishi programu ovyo. Wanachofanya ni kuziba tundu peke yake, kwenye programu ileile ya zamani, ukuta mwingine wote wanauacha. Wewe uliona fundi mmoja amebomoa nyumba, ukafukuza hata anayeziba matundu ya panya."

"Aliyebomoa nilikuwa mimi."

"Basi jifukuze wewe, mwache mwenye kuziba."

Nilicheka. Njiani nikakumbuka ule wino kiganjani, nikaamua kuacha kama ilivyo.

Jumatatu, 8 Aprili

Limekuja tangazo kwa barua pepe. Kuna tundu kwenye programu inayotoa kurasa zetu, zile ambazo zahanati yetu ndogo ya upande wa Serengeti huzifungua kwa mtandao ili kusoma mafaili. Mtu wa nje anaweza kupita bila nenosiri. Kiraka kipo tayari, wanasema kila mtu akiweke leo.

Nimemwandikia Dk. Benedicto barua kuomba ruhusa. Nusu ukurasa. Iko kwenye droo. Kesho nitampelekea.

Jumanne, 9 Aprili

Dokta alikuwa upasuaji siku nzima. Sijagusa kitu. Mfumo unaenda.

Ijumaa, 12 Aprili

Dokta alikuwepo, alinisalimia vizuri, akaniuliza, "Mashine zetu zimetulia?" Nikasema zimetulia. Barua sijaitoa. Nimemwogopa? Sijui. Ameanza kuniangalia kama mtu tena, sikutaka kuharibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Duara limeporomoka. Wameletwa kumi na saba, na wanne hawakufika hai. Mmoja wa waliofika anaitwa Mseti Mogesi, mguu umevunjika sehemu mbili. Nilikuwa masijala nikitengeneza kibodi ya Samira alipoletwa kwenye machela, ana matope hadi kwenye kope.

Samira akamuuliza kijiji. Mseti akageuza macho huku na huku, akamwita karibu.

"Binti, machimboni nimesema natoka Turwa. Kwetu hasa ni Mbalibali. Mke wangu anaitwa Mokami. Andika, lakini usiseme kwa sauti."

"Hapa hasomi mtu, baba. Ni sisi tu," Samira akamwambia.

Wenzake wanasema duara lake liligonga mkanda wenyewe wa dhahabu, na kwamba alitoka na jiwe kabla ya ukuta kuanguka. Wengine wanasema ni uongo. Amewekewa vyuma viwili mguuni.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Samira amekuja kwangu baada ya mimi kutoka kanisani, amenisaidia kumenya vitunguu, tumekula pilau, tumecheka. Alikaa kuanzia saa sita hadi saa kumi.

Ijumaa, 26 Aprili

Sijui nianze wapi.

Saa tisa alasiri pikapu iliingia kutoka upande wa Serengeti. Ndani kulikuwa na mwanamke, mkono wa kulia umepasuliwa kwa panga kuanzia kiwiko hadi kiganja, kanga imekuwa nyeusi kwa damu. Alikuwa Mokami, mke wa Mseti.

Ilikuwa siku ya mnada, kijiji chote kimeenda, yeye amebaki anapalilia. Saa sita mchana, jua linawaka, wakaja wanaume watatu. Nilisimama pale wakimshona, na haya ndiyo maneno yake, siwezi kuyasahau:

"Waliniita kwa jina. Mokami, njoo. Nikadhani ni watu wa hospitali! Wakasema, mume wako yuko wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, mguu una vyuma viwili. Wakasema, jiwe liko wapi? Nikasema jiwe gani? Nikasema jiwe gani, tata, baba zangu! Wakanikata."

Dk. Benedicto akaacha kushona. Tukaangaliana. Kitanda. Vyuma viwili. Jina la mke. Mambo hayo hayakuwa machimboni. Yalikuwa mahali pamoja tu, ndani ya faili.

Jiwe lenyewe, Mseti anasema kwa kulia, halikuwahi kuwepo.

Jumamosi, 27 Aprili

Polisi wamekuja. Afande akaniuliza, "Nani anaweza kufungua faili la mgonjwa?"

Nikasema, "Samira. Yeye ndiye anayeandika."

Lilitoka lenyewe. Lakini niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma: niliamini. Nilikumbuka ana simu mpya. Nilikumbuka alivyomwinamia Mseti kusikiliza. Mtu niliyekula naye pilau Jumapili, leo nilikuwa nautazama mkoba wake.

Jumatatu, 29 Aprili

Wamemchukua Samira saa nne asubuhi, mbele ya foleni. Hakulia. Alikuwa anarudia, "Dada Verdi, waambie. Dada Verdi, wewe unaijua kompyuta, waambie." Watu wa foleni wakaanza kumzomea. Mama mmoja akamtupia ganda la ndizi.

Mimi nilikuwa nimeshika kibodi. Sikusema neno.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua kubwa, barabara ya machimboni imekatika. Sijagusa kitu. Mfumo unaenda.

Jumanne, 7 Mei

Mwezi umeandama, Waislamu wameanza kufunga. Saa kumi nilimkuta mama yake Samira, Bi Rahima, amesimama nje ya maabara na chupa ya uji. Anaupeleka kituoni ili mwanawe afuturu. Dhamana wamekataa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Verdiana, sikuja kugombana. Mimi sikusoma, nauliza tu. Nikishona nguo, naweza kukuonyesha sindano imepita wapi. Hii mashine yenu haijui nani kalisoma hilo faili?"

 Inajua. Kuna logi, daftari ambalo seva yenyewe huandika kila anayeingia, saa na dakika. Siku tisa Samira yuko ndani, na mimi, fundi, sikuwahi kulifungua. Nilijiambia seva haiguswi. Nadhani niliogopa kukuta.

Jumatano, 8 Mei

Nimelifungua.

Nimesoma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, mlango nimeufunga kwa komeo. Mara tatu nimetoka kwenda kunawa uso nikarudi kusoma mistari ileile, nikidhani macho yamekosea.

Aliyesoma faili la Mseti hakutumia nenosiri la Samira. Hakutumia nenosiri la mtu yeyote. Alipita kwenye tundu. Lile lile la tangazo, kwa njia ile ile iliyoelezwa kwenye tangazo. Mara ya kwanza aliingia Alhamisi tarehe 11 Aprili. Tangazo nililisoma Jumatatu tarehe 8. Siku tatu. Barua ilikuwa kwenye droo, imekunjwa mara mbili.

Alikuwa anakuja kila siku kama mfanyakazi. Anafungua mafaili ya waliotoka machimboni tu, anasoma duara, anasoma kijiji, anasoma jina la mke, anafunga. Faili la Mseti alilifungua siku ya Pasaka saa nane na dakika kumi mchana. Nimeitazama saa hiyo mpaka herufi zikaanza kuogelea. Saa nane na dakika kumi siku ya Pasaka, Samira alikuwa jikoni kwangu ana kisu na kitunguu, ananisimulia habari za mchumba wake.

Nimehesabu mafaili aliyosoma. Mia sita na kumi na nne.

 Sikulia. Nilikaa sakafuni nimeegemea ukuta, feni ya seva inavuma juu ya kichwa changu, taratibu, haina tatizo lolote. Miezi miwili haijakwama hata mara moja. Nilikuwa najivunia mvumo huo.

Nilichomoa waya wa mtandao. Nikachapa logi yote. Kisha nikatoa barua kwenye droo.

Alhamisi, 9 Mei

Niliweka barua na karatasi za logi mezani kwa Dk. Benedicto, nikaeleza nikiwa nimesimama. Alisoma barua kwanza. Akaangalia tarehe.

"Hii ni ya mwezi uliopita."

"Ndiyo, Dokta."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Uliniambia nisiguse."

"Nilikwambia usiguse." Sauti yake ilishuka kabisa. "Sikukwambia usiseme."

 Nilitegemea anifukuze. Alivua miwani, mvua inasikika kwenye bati. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Na mimi sikukuuliza. Nilifurahi kwamba hakuna anayenisumbua na kompyuta. Twende kituoni."

Afande alipindua karatasi juu chini.

"Kwa hiyo mwizi aliingia bila kufika?"

"Ndiyo, afande."

"Na mlango uliuacha wewe?"

"Mimi."

"Basi nimtoe yule nikuweke wewe?"

"Mtoe kwanza yule," nikasema. "Mengine utaamua."

Ijumaa, 10 Mei

Samira ametoka. Nilimsubiri nje. Alinipita kama nguzo ya umeme.

Jumatatu, 13 Mei

Wawili wamekamatwa Sirari wakitaka kuvuka kwenda Kenya. Mmoja alikodi chumba hapahapa mjini, akijitambulisha kama mnunuzi wa mchanga wa dhahabu. Kwenye simu yake kuna picha za skrini yetu, ukurasa baada ya ukurasa. Afande alinionyesha. Niliona mwandiko wa mfumo wangu, rangi ya kijani niliyoichagua mwenyewe.

Na Mokami hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa nne. Nyumba tatu zilishavamiwa, na kila familia ilidhani ni wezi wa kawaida. Katika nyumba ya pili mzee mmoja amekufa.

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha nusu saa.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda wodini kwa Mokami na Mseti. Dokta alitaka kwenda nami, nikakataa. Niliwaambia yote: tundu, tangazo, barua, siku tatu.

Mseti aligeukia ukutani. Mokami alibaki ananitazama, mkono wake umefungwa kama mtoto mchanga kifuani.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kuna tundu. Sikujua ameingia."

"Ulijua." Alisema bila kupandisha sauti. Baadaye akauliza, "Hao watu mia sita, wanajua kwamba nyumba zao zinajulikana?"

"Hapana."

"Sasa unakaa hapa kufanya nini?"

Nikatoka. Dk. Benedicto akanipa ofisi yake na simu ya hospitali. Leo nimepiga simu thelathini na moja.

Alhamisi, 23 Mei

Lukmani amekuja na kompyuta kuukuu, tumeweka ndani yake nakala kamili ya seva. Viraka vyote vilivyosubiri tumeviweka huko kwanza, arobaini na kimoja, tukaunganisha mashine ya damu, Lukmani akajitolea kuchomwa kidole. Majibu hayakutoka. Ni Machi tena. Tukaanza upya, kimoja kimoja, hadi tukampata mkorofi. Arobaini vinakaa vizuri, kimoja ndicho kinachokorofishana na maabara.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Arobaini viingie leo kwenye seva ya kweli. Hicho kimoja kisubiri, lakini kisubiri kwa jina. Andika kwa nini, andika hadi lini, na uzibe njia yake ya nje wakati kinasubiri."

Saa nane Dokta mwenyewe alisimama uwanjani akatangaza: kila Alhamisi saa hii, dakika ishirini, wote tunaandika kwa karatasi. Mtu wa maabara akalalamika. Dokta akamwambia, "Dakika ishirini tunazozijua ni bora kuliko miezi miwili tusiyoijua." Majibu ya kwanza yalipotokea kwenye skrini baada ya hapo, nilishindwa kuamini. Nilimwomba arudie kupima.

Jumamosi, 1 Juni

Nimepiga simu kwa mtoto wa yule mzee. Nilieleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata. Nimejaribu tena mara mbili. Hapokei, na ana haki.

Jumatano, 5 Juni

Idi. Nimempelekea Bi Rahima sukari na mchele. Amepokea, amenishukuru. Samira alikuwa ndani, hakutoka.

Jumatatu, 10 Juni

Samira amerudi kazini. Dokta alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, nami nikamwomba, kwa sauti, nikitaja siku niliyolisema jina lake kwa afande. Hilo alikuwa halijui. Nilimwona uso ukibadilika. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake akaanza kuandika wagonjwa.

Mvua zimekata. Machimboni wanasema mkanda umepotea, na watu wameanza kuondoka.

Jumanne, 11 Juni

Simu zimebaki mia na tisini. Hizi ndizo ngumu, namba hazipatikani, au mtu anadhani mimi ndiye tapeli. Leo mmoja amenitukana kwa Kikurya mpaka nikaweka simu chini.

Saa tano mlango ukafunguliwa. Samira. Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, hakunisalimia.

"Sijakusamehe, Dada Verdi."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Pale foleni nilikuita mara ngapi? Ulikuwa unanisikia."

"Nilikusikia."

  Akanyoosha mkono juu ya karatasi zangu.

"Hawa niliwaandika mimi. Niliwaambia hasomi mtu. Nipe ukurasa."

Nikampa. Akabonyeza namba ya kwanza, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo mama. Naitwa Samira, ni karani wa hospitali ya misheni Tarime, nilimwandika mwanao mwezi wa nne."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali, hata mimi niliisikia kutoka nilipokaa: "Samira yupi? Yule aliyefungwa?"

Samira alifumba macho. Nilitaka kumpokonya simu nijibu mimi. Akaniwekea kiganja mbele, akinizuia.

"Ndiye huyo, mama," akasema. "Sasa nisikilize."